Uzi: Kutazama televisheni ya HD kwa kompyuta ya nyumbani, kabla hujatoa pesa ya mashine mpya

Mkaazi wa Jang'ombe (mleta uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kwa miezi kadhaa sasa televisheni ya sebuleni kwetu haiwashwi ila kwa kupitia kompyuta ya mezani, na kila mgeni anayeketi kuitazama huniuliza kompyuta hiyo ina nguvu kiasi gani hata ikatoa picha safi namna ile. Jawabu ni kwamba haina nguvu. Ni mashine iliyokwisha kutumika maofisini Ulaya, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, niliyoinunua sokoni Darajani, Unguja, ikiwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha ndani ya feni. Wiki ya kwanza picha yake ilikuwa mbaya kuliko ya king'amuzi cha zamani, na nusura nikanunue kadi ya picha ambayo, kama nilivyokuja kugundua, nisingeihitaji. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliyemo katika wiki yake ya kwanza.

Nieleze kwanza nilivyounganisha. Juu ya paa kuna dishi, na waya wake unaingia katika kipokezi cha setilaiti cha aina ya DVB-S2 kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kipokezi hicho hupokea chaneli zisizofungwa tu. Kutoka kwenye kompyuta unatoka waya wa HDMI hadi kwenye televisheni ya inchi 32. Chaneli za kulipia hazimo katika habari hii, na sababu yake nitaieleza nikiulizwa, kwa kuwa najua nitaulizwa.

Usiku wa kwanza mama alitaka kutazama tarawehe kutoka Makka. Picha ilipotulia, nguzo na minara vilionekana kwa ukali ambao hatujapata kuuona nyumbani kwetu, lakini kamera ilipohamia kwa watu wanaotufu, kila aliyetembea alikuwa na meno ya kitana pembeni mwa mwili. Ihramu nyeupe zilikatikakatika kwa mistari myembamba ya kulala, na kadiri mtu alivyokwenda kwa haraka ndivyo meno yalivyorefuka. Mama akasema televisheni imeharibika. Mimi nikasema kompyuta imeshindwa. Sote wawili tulikosea.

Ukweli ni kwamba matangazo mengi ya HD hayarushwi yakiwa picha kamili kamili. Yale yanayoandikwa 1080i yana mistari 1080, lakini kamera huchukua kwanza mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, kisha baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde huchukua ile ya shufwa. Katika muda huo mdogo mtu anayetembea amekwisha kusogea. Televisheni ya kawaida ina chombo ndani yake kinachozipatanisha nusu mbili hizo bila ya wewe kujua, ila kompyuta, usipoiamrisha, huzibandika pamoja kama zilivyo, na hapo ndipo kitana kinapozaliwa.

Dawa yake katika VLC, programu ya kuchezea video, ni hii: fungua menyu ya Video, tafuta neno Deinterlace, uliwashe, kisha katika orodha ya namna zake uchague Yadif (2x). Hiyo alama ya 2x usiidharau. Yadif ya kawaida hukupa picha 25 kwa sekunde, ilhali hii huitengeneza kila nusu kuwa picha kamili, ukapata 50, na mwendo wa mtu ukarudi kuwa mwendo wa mtu. Nilipoiwasha, mama hakusema kitu, akavuta mto akaegemea. Kwetu hiyo ndiyo sifa.

Ikabaki kasoro ya pili, ambayo ilinichukua siku nyingi zaidi kwa sababu haionekani ukiitafuta kwa pupa. Tazameni maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo. Yakiteleza kama jahazi lililoshika upepo, mambo ni sawa. Kwangu yalikuwa yakienda kwa vishindo vidogo vidogo, kama gari ya ng'ombe juu ya kokoto, na mpira wa miguu ukipigwa pasi ndefu uliruka badala ya kwenda. Kompyuta karibu zote huanza kwa kuchora kioo mara 60 kwa sekunde, na matangazo yetu ni ya 50. Picha 50 haziwezi kuenea katika nafasi 60 ila 10 kati yake zirudiwe, kwa hiyo mara kumi katika kila sekunde moja picha husita kidogo, halafu huendelea. Prosesa kubwa haiwezi kuiponya hesabu hiyo. Kinachoiponya ni kuingia katika mipangilio ya skrini, sehemu ya mipangilio ya ziada, na kubadilisha 60 Hz kuwa 50 Hz. Televisheni nyingi zinazouzwa huku huikubali 50 bila ya tabu. Skrini nyingi za ofisini huikataa, na ndiyo maana nasema kwa kazi hii televisheni ni bora kuliko skrini ya kompyuta hata kama skrini ndiyo ghali zaidi.

Nambari 50 hiyo ina ukoo wake. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, ikiwa ya rangi wakati Bara bado hawakuwa na kituo chochote cha televisheni, ilitumia mfumo wa PAL wenye mistari 625 na nusu picha 50 kwa sekunde, na 50 yenyewe ilichukuliwa kutoka kwenye umeme, ambao huku kwetu hupiga mara 50. Marekani umeme wao ni wa 60, na kompyuta zimelelewa huko. Mashine ya Kimarekani imekutana na matangazo ya mila nyengine, na aliyepewa kazi ya kuwapatanisha ni mwenye nyumba.

Jambo la tatu ni ukubwa wa picha, na hapa wafanyabiashara hutusumbua bure. Picha ya zamani ya PAL ya kidijitali ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Ile ya 720p ina 1280 kwa 720, jumla 921,600. Ya 1080 ina 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32, ingawa boksi limeandikwa HD kwa herufi kubwa, kioo chake hasa kina pikseli 1366 kwa 768. Je, umeibiwa? Nilipiga hesabu. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi, kwa hiyo pikseli za 1920 huacha kutofautishwa ukikaa mbali zaidi ya mita 1.3, na zile za 1366 ukikaa mbali zaidi ya mita 1.8. Kochi letu liko mita mbili na nusu kutoka kwenye televisheni. Ukikaa hapo huwezi kuzijua mbili hizo. Za picha ya zamani ya PAL, kwa upande wake, huonekana hadi mita 3.4, na ndiyo maana kuhama kutoka ile ya zamani kwenda HD ya aina yoyote kila mtu huona tofauti yake, wakati kuhama kutoka 720 kwenda 1080 kwa kioo hicho wengi husifu kwa sababu wameambiwa.

Kinachoonekana zaidi kuliko idadi ya pikseli ni kiasi cha data kinachobeba picha. Chaneli ya 1080 iliyobanwa hadi megabiti 2 kwa sekunde itakuonesha uwanja wa mpira uliopakwa rangi ya kijani kwa brashi, na majani yatarudi tu pale kamera inaposimama. Chaneli ya 720 yenye megabiti 4 itaipita kwa mbali. Usisome jina la chaneli. Tazama majani.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

Msomaji wa Wete

Waalaykum salaam, ndugu. Nashukuru kwa maelezo. Mimi niko Pemba, nina laptopu ya mwaka 2008 yenye prosesa ya Core 2 Duo. Picha za 1080 hucheza sekunde chache, kisha zinaganda huku sauti ikiendelea peke yake. Nimewasha Deinterlace kama ulivyosema na hali ikazidi kuwa mbaya. Je, hii ndiyo ile kasoro ya 50 na 60, au mashine yangu imefika mwisho wa safari?

Mkaazi wa Jang'ombe

Hiyo ni kasoro nyengine, na kwa bahati mbaya yako inatokana na mashine. Picha za HD husafirishwa zikiwa zimekunjwa kwa kodeki, yaani kanuni ya kubana data ya picha, na nyingi tunazokutana nazo ni za H.264, ambayo ilikamilishwa mwaka 2003. Kuikunjua ni kazi nzito. Kompyuta za baadaye zina sehemu maalumu ndani ya chipu isiyofanya kazi nyengine ila hiyo, na prosesa yenyewe ikabaki imestarehe. Kwa Intel, kuanzia kizazi cha pili cha mwaka 2011 unaweza kuitegemea kwa H.264 bila ya wasiwasi. Kwa H.265, iliyotoka 2013 na ambayo hubana zaidi, utahitaji kizazi cha sita cha mwaka 2015, na ikiwa ni ile ya biti 10 basi kizazi cha saba. Yangu ya kizazi cha nne huibeba H.264 kwa raha, na H.265 ya 1080 huibeba kwa kuunguruma.

Laptopu yako huenda inaifanya kazi yote kwa prosesa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati picha inacheza, lifunguke dirisha linaloonesha kazi za mashine. Ukiona prosesa imegota karibu na asilimia 100, jawabu unalo, na Yadif (2x) imeongeza mzigo juu ya mzigo. Badilisha uchague namna nyepesi iitwayo Linear, na kwa video za intaneti chagua 720. Usinunue RAM kwa kuambiwa na muuzaji kwamba itasaidia, kwani hapa RAM haina kosa. Na kabla ya yote fungua mfuniko wa chini usafishe feni, maana prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na katika joto la kaskazi mashine iliyozibwa na vumbi hupoteza nguvu ambayo tayari ilikuwa haba.

Jirani wa Mwanakwerekwe

Kwa heshima zote, mleta uzi, naona unazunguka mbuyu. Nina king'amuzi cha kulipia chenye tundu la HDMI. Kwa nini nisiichomeke HDMI hiyo kwenye kompyuta, nikatazama na kurekodi humo humo?

Mkaazi wa Jang'ombe

Nilisema nitaulizwa. Tundu la HDMI la kompyuta yako, ndugu yangu, ni la kutoa, si la kuingiza. Unaweza kuchomeka waya hadi kesho na hakuna kitakachoonekana. Vipo vifaa vya kunasia picha vinavyoweza kupokea HDMI, lakini ving'amuzi vya kulipia huifunga picha yao kwa kinga iitwayo HDCP, na kifaa kinachofuata kanuni kikikutana nayo hukupa kioo cheusi. Vilevile kipokezi changu cha USB huziona chaneli za kulipia kwenye orodha, hata majina yake husomeka, ila ufunguo uko ndani ya kadi ya kampuni na haumo kwangu. Wapo watakaokwambia wanazo njia. Mimi simo katika hayo.

Nami nikuambie wazi: kama haja yako ni chaneli za kulipia peke yake, chomeka king'amuzi moja kwa moja kwenye televisheni na uupite uzi huu. Kompyuta ina maana kwa anayetaka chaneli zisizofungwa, kurekodi darsa na mechi ili atazame kwa wakati wake, na huduma za intaneti, vyote katika kioo kimoja. Kampuni yako ikiwa na programu ya kutazamia kwa intaneti, hiyo ndiyo njia halali ya kuziona chaneli hizo kwenye kompyuta, nayo hutumia bando lako.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake

Kuhusu bando naomba niongeze hesabu ninayowapa wanafunzi wangu. Megabiti 5 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa picha ya 1080 ya intaneti, mara sekunde 3,600, gawa kwa 8 kwa kuwa biti 8 ni baiti moja, unapata megabaiti 2,250 kwa saa, yaani gigabaiti 2 na robo. Mechi pamoja na mapumziko yake ni saa mbili, basi ni gigabaiti 4 na nusu kwa mchezo mmoja. Picha ya 4K kwa megabiti 15 ni gigabaiti 6.75 kwa saa. Mwenye bando la wiki na afanye hesabu kabla ya filimbi.

Jengine ni kwamba intaneti huchelewa. Mashindano ya CHAN yalipochezwa Agosti 2025, na Uwanja wa Amani ukiwa miongoni mwa viwanja vyake, mimi nilitazama kwa intaneti ndani, na waliokuwa barazani kwa jirani walitazama kwa dishi. Kila bao nililijua kwa kelele zao. Wao wanarukaruka, kwangu golikipa bado anaupanga mpira chini aupige. Mwisho nikachukua kiti changu nikaenda barazani.

Mkaazi wa Jang'ombe

Ahsante sana, Maalim. Hilo halina dawa, kwani picha ya intaneti hukatwa vipande, vikawekwa akiba vichache kabla ya kuoneshwa ili isigande, na akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji wenyewe. Kwa mpira wa moja kwa moja dishi litabaki kuwa bwana.

Mama wa Bububu

Kaka, mimi nimeunganisha kama ulivyosema, picha ipo lakini sauti inatoka kwenye kompyuta, haitoki kwenye televisheni. Na katika filamu moja midomo inatangulia na maneno yanafuata nyuma.

Mkaazi wa Jang'ombe

Dada yangu, kwanza tazama waya. Ukiwa ni wa VGA, ule wenye meno 15 na skrubu mbili pembeni, hauchukui sauti kabisa, itakubidi uweke waya wa pili wa sauti. Ukiwa ni wa HDMI, bonyeza alama ya spika kwenye pembe ya chini ya skrini ya kompyuta, na katika orodha itakayofunguka uchague jina la televisheni yako. Kuhusu midomo, katika VLC herufi J na K kwenye kibodi husogeza sauti mbele au nyuma kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza. Bonyeza J mara mbili tatu, utazame midomo, uendelee hadi vikutane.

Fundi wa Jambiani

Mimi ni fundi wa madishi huku pwani, na katika uzi mzima sijaona mtu aliyeutaja waya wa nje. Naitwa kila mara kwenye nyumba ambayo picha ya HD inakatika vipande vipande vya miraba, mwenyewe amekwisha kubadilisha king'amuzi, na mwengine kompyuta, kumbe ukipanda juu na kufungua kichwa cha waya kwenye LNB, kile kifaa cha kupokea ishara kilicho mbele ya dishi, shaba imekuwa ya kijani. Hewa ya chumvi inaingia taratibu. Picha ya zamani ya analojia ilikuwa ikikuonya kwa chenga kabla ya kufa. Ya dijitali haina onyo hilo, huwa nzima mpaka ishara ishuke chini ya kiwango, kisha hukatika mara moja, na chaneli za HD mara nyingi hutangulia kukatika kuliko za kawaida. Kata sentimita tano za waya, tengeneza kichwa kipya, uzungushe utepe wa mpira usiopitisha maji, na usiuwache waya ukining'inia juu ya kichwa, uache upinde chini kidogo ili maji ya masika yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Ya kompyuta mmeyasema vizuri, lakini anzieni juu ya paa.

Mkaazi wa Jang'ombe

Fundi, umenitoa aibu. Nimepanda leo asubuhi, na kichwa changu cha waya kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Nimekikata.

Jirani wa Mwanakwerekwe

Nimerudi, mleta uzi. Nilikuwa na inadi, lakini jana nimeijaribu ile 50 Hz kwa rekodi ya mechi, na kweli mpira umeacha kuruka, hata mtoto ameuliza kama nimenunua televisheni nyengine. Sasa limezuka jengine: saa ya kompyuta iliyo chini ya kioo imekatwa nusu, na pembeni pote picha imeliwa kidogo.

Mkaazi wa Jang'ombe

Hiyo ni desturi ya televisheni, si ya kompyuta. Tangu zama za vioo vya tyubu televisheni huikuza picha kidogo ili kuficha kingo zake, na nyingi bado hufanya hivyo zikiona ishara ya 50 zikidhani ni matangazo. Chukua rimoti ya televisheni, ingia kwenye ukubwa wa picha, mahali pa kuchagua 16:9 au 4:3, na utafute chaguo la kuonesha picha kama ilivyo. Kila kiwanda hulipa jina lake: Just Scan, Screen Fit, au 1:1. Ukilichagua, saa yako itarudi yote. Usiipunguze picha kwa mipangilio ya kompyuta, maana utakuwa umeikunja mara moja na televisheni ikaikunjua mara ya pili, na ule ukali ulioupata jana utapotea hapo.